Jiwe Lililalaje?

Neno tabaka limetufikia kutoka Kiarabu, na katika safari yake limebeba maana zaidi ya moja. Laweza kuwa safu iliyolazwa juu ya safu nyingine, na laweza kuwa daraja la watu katika jamii. Kiswahili kiliipokea mizigo yote miwili, lakini kwa miongo mingi ya uhakiki wetu wa fasihi tumeuchukua zaidi ule wa pili: tabaka tawala, tabaka la wafanyakazi, migogoro ya kitabaka. Mwanafunzi wa fasihi akilisikia neno hili leo, haelekei kuwaza mawe. Katika makala haya nataka kulirudisha neno ardhini, mahali ambapo matabaka yanaonekana kwa macho na kuguswa kwa kidole. Naamini kwamba mwamba wenye matabaka una fundisho ambalo washairi na watafsiri tunalihitaji: kwamba nguvu ya kitu haijulikani mpaka uulize inapimwa kutoka upande gani.

Neno la pili ninalolihitaji ni mashapo. Mama zetu walilijua kabla ya walimu wa jiografia. Ni yale yabakiayo chini ya chombo baada ya kilichomo kutulia. Shuleni tulifundishwa kuyaita mawe ya aina hii miamba mashapo, na kwa hakika jina hilo limechaguliwa vyema, maana ndani yake mna hadithi nzima. Mto wenye kasi hubeba kokoto, changarawe, mchanga na tope pamoja. Kasi ikipungua, huacha kwanza vilivyo vizito. Kokoto hutua, kisha changarawe, kisha mchanga. Tope laini huendelea na safari hadi ziwani au baharini, na huko hushuka polepole pale maji yanapotulia kabisa. Kila kilichotua hufunikwa na kinachofuata. Uzito wa juu hukamua maji yaliyo chini, chembe husogeleana, na madini yaliyoyeyuka katika maji yapitayo baina yake huganda na kuzigundisha. Chokaa ni gundi mojawapo. Silika ni nyingine, na kutu ya chuma, inayoyapa mawe mengi rangi yake nyekundu au ya kahawia, ni ya tatu.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini methali hiyo yatueleza unene tu, haituelezi matabaka. Laiti mchanga uleule ungeshuka kwa kasi ileile bila kukoma, tungepata bonge moja, si safu juu ya safu. Tabaka huzaliwa na badiliko. Mafuriko hupita na kuacha mchanga mzito. Yakiisha, vumbi la tope jembamba hutanda juu yake. Kisha hupita kipindi kirefu ambacho hakishuki kitu. Ndipo mafuriko mengine huja. Mpaka baina ya tabaka na tabaka ni alama ya kimya hicho. Mwanazuoni wa Denmark, Nicolas Steno, alichapisha mwaka 1669 kanuni ambazo wanajiolojia wanazitumia hadi leo: kwamba matabaka hulazwa yakiwa bapa, na kwamba lililo chini ni kongwe kuliko lililo juu yake, iwapo hayajapinduliwa. Kwa maneno mengine, ukiyakuta matabaka yameinama au yamesimama, jua kwamba kuna jambo lililoyapata baada ya kulala.

Nyuma ya Mombasa, kwa anayeelekea bara, maktaba ya namna hii imefunguka wazi. Wanajiolojia huiita miamba ya Duruma. Umri wake ni takriban miaka milioni 300 hadi milioni 200, zama ambazo Madagaska ilikuwa bado imeshikamana na bara la Afrika, na mashapo yakikusanyika katika mabonde ya mito na maziwa. Kutoka chini kwenda juu, sehemu zake zimepewa majina ya mahali: Taru, Maji ya Chumvi, Mariakani, Mazeras. Taru ni mawe ya chembe kubwa. Maji ya Chumvi ni tope lililogeuka mwamba, laini, lenye kuchanika kurasa kurasa. Mariakani ni mchanga wa chembe ndogo, wenye matabaka membamba. Mazeras ni mchanga mnene zaidi, nao huhifadhi magogo ya miti ya kale yaliyogeuka jiwe.

Mpenzi wa lugha na asimame kidogo kwenye jina la pili. Aliyepaita mahali hapo Maji ya Chumvi hakuwa na maabara. Alichota maji, akaonja, akasema alichokionja. Wataalamu walipokuja baadaye na kulichukua jina hilo kwa ajili ya mwamba, walichukua pamoja nalo ushahidi: maji ya ardhini katika mwamba ule aghalabu yana chumvi hadi leo. Jina la mahali lilikuwa kipimo cha kwanza cha mwamba, na kipimo hicho kilifanywa kwa Kiswahili.

Apitaye barabara ya Mombasa kwenda Nairobi huyaona mabamba ya mawe yamepangwa kando ya njia, ya manjano, ya kijivu na ya kahawia, tayari kwa kutandikwa uani au kubandikwa ukutani. Hununuliwa kwa jina la mawe ya Mazeras. Siku moja nilisimama hapo na kumuuliza fundi mmoja lipi lilikuwa gumu zaidi kati ya mawe mawili yaliyokuwa mbele yake. Hakujibu. Aliliinua moja, akalitazama ubavuni, akaniuliza:

“Kwanza niambie, mwalimu, utalilaza ama utalisimamisha?”

Nikamwuliza kuna tofauti gani.

“Jiwe lina mlalo wake,” akasema. “Ukiliweka kama lilivyokuwa limelala kule chini, litakubebea nyumba. Ukilisimamisha ukalipa mzigo, mvua na jua vitalimenya kama kitunguu.”

Waashi wa nchi nyingi wanalijua jambo hili, na wameliheshimu kwa karne nyingi: jiwe la matabaka linalobeba mzigo ukutani hulazwa kwa mlalo wake wa asili. Lakini kilichonivutia zaidi ni vitenzi vya fundi yule. Alipoingiza tindo kwenye mstari wa tabaka na kulitenganisha bamba, alisema amelibandua. Alipopiga kwa kukingama, kulipunguza upana, alisema amelikata. Na jiwe lilipompasukia mkononi pasipo matakwa yake, ndipo tu aliposema limevunjika. Kwake kuvunjika lilikuwa jina la hasara, wala hakulitumia kwa kila kutengana.

Tazama utajiri tulio nao katika eneo hili la lugha. Kubanduka na kuambuka ni kwa kilichokuwa kimeshikana uso kwa uso. Kuchanika ni kwa kinachofuata urefu wa nyuzi zake, kama jani la mgomba au ubao. Kumeguka ni kwa kipande kinachoachana na bonge, na mkono ule unaomega tonge la ugali ndio unaotufundisha maana yake. Kupasuka ni kwa ufa unaokwenda kwa ghafla. Kumomonyoka ni kwa kuliwa kidogo kidogo. Kuporomoka ni kwa kushuka kwa kishindo baada ya kushindwa kujishikilia. Kila kitenzi chataja umbo la kitu, mwelekeo wa nguvu, na kasi ya tukio. Anayeandika sayansi kwa Kiswahili akatumia kuvunjika kwa yote saba amelitupa gala zima akabaki na kibaba.

Na sayansi yenyewe, tukiisikiliza, yasema alichokisema fundi. Mwanasayansi wa Australia, John Conrad Jaeger, aliandika mwaka 1960 kuhusu miamba yenye mistari ya udhaifu, akaonyesha kwa hesabu namna uwezo wake unavyobadilika kulingana na pembe. Chukua kipande cha mwamba wa matabaka ukikandamize kutoka juu hali matabaka yamelala: hustahimili sana, kwa kuwa mzigo huyabana pamoja. Yasimamishe wima, sambamba na mzigo, nayo bado hustahimili kiasi kikubwa, ingawa huelekea kuchanika kwa urefu. Lakini yainamishe yawe mshazari, kiasi cha nyuzi 30 hivi kutoka kwenye mwelekeo wa mzigo, na mwamba uleule huwa dhaifu kuliko wakati wowote mwingine. Mzigo hauhitaji tena kuivunja chembe hata moja. Yatosha kulitelezesha tabaka la juu juu ya la chini, na kinachozuia kuteleza huko ni msuguano na ile gundi nyembamba iliyobaki mpakani, mahali pale pale palipokuwa na kimya.

Lipo jambo la pili, na hili laweza kujaribiwa hata mezani. Chukua ubao mmoja wenye unene wa sentimita 10, na kando yake uweke rundo la mbao 10 za sentimita 1 kila moja, za mti uleule, zisizogundishwa. Unene ni mmoja na uzito ni mmoja. Lakini ukinzani wa ubao dhidi ya kupinda hukua kwa kipeo cha tatu cha unene wake: ubao wa sentimita 10 humshinda ndugu yake wa sentimita 1 mara 1,000. Rundo la mbao 10 zinazoteleza kwa uhuru lina ukinzani wa mbao 10 tu. Kwa hiyo rundo hupinda kwa wepesi mara 100 kuliko ubao mmoja wa unene huohuo. Tofauti yote hiyo imo katika gundi.

Hivyo ndivyo miamba migumu inavyoweza kukunjwa ikawa mawimbi katika milima, kama daftari linavyopindwa mkononi: kurasa huteleza moja juu ya nyingine, na hakuna ukurasa unaolazimika kuraruka. Na hivyo ndivyo wachimbaji wa migodi walivyojifunza kuilinda dari ya shimo. Hupenyeza vyuma virefu kupitia matabaka kadhaa na kuyabana pamoja, mpaka rundo la mbao nyembamba lifanye kazi ya boriti moja nene.

Msomaji wa mashairi atakuwa ameshaanza kuona ninakoelekea. Mshororo wetu wa kimapokeo wenye mizani 16 umefungwa katikati kwa kina, mizani 8 huku na 8 huku. Pale katikati pana kituo kidogo, na mwishoni mwa mshororo pana kikubwa zaidi. Mishororo minne hufanya ubeti, na baina ya ubeti na ubeti pana kimya kirefu. Shairi, kama mwamba, limejengwa kwa vilivyotua na kwa vituo. Ndiyo maana mshororo mmoja waweza kubanduliwa kutoka katika shairi refu ukabebwa kinywani kwa vizazi, ukatumika harusini au mahakamani, nao ukabaki mzima: umetengana na wenzake penye mlalo wake. Jaribu kuukata penye mizani ya tano, nao utavunjika.

Kwa sababu hiyo sioni faida katika lile shindano la kale la kuuliza kama vina ni nguvu ya shairi au ni pingu zake. Ni swali lisilotaja upande. Shairi linalobebwa na kumbukumbu, likighaniwa mbele ya watu, mzigo wake hushuka juu ya vina na kuyabana matabaka. Hapo vina ni nguvu. Shairi linalotaka wazo lipite kwa mshazari, lianzie katikati ya sentensi moja na kumalizikia katikati ya nyingine, huukuta mpaka wa kina ukiteleza. Hapo vina ni udhaifu, na mtunzi ana haki ya kutafuta mwamba mwingine. Ulinganisho huu nao una mwisho wake. Mchanga haukuchagua mahali pa kutua. Mtunzi huchagua, na huwajibika kwa uchaguzi wake.

Lakini nisingeliandika makala haya kwa ajili ya mizani peke yake. Kuna mahali ambapo suala hili la matabaka na la maneno liliamuliwa kwa uhai wa watu. Hapakuwa kwetu, palikuwa kaskazini mwa Italia, katika bonde jembamba la mto Vajont. Huko, kuelekea mwaka 1960, lilikamilishwa bwawa la kuzalisha umeme lenye ukuta wa karibu mita 262, miongoni mwa kuta ndefu kuliko zote duniani wakati huo. Juu ya ziwa lililokuwa likijaa ulisimama mlima Toc. Ubavu wake ulikuwa wa matabaka ya mawe ya chokaa yaliyoinama kuelekea bondeni, na baina ya baadhi ya matabaka hayo mlikuwa na tandiko jembamba la udongo wa mfinyanzi. Chokaa chenyewe kilikuwa kigumu. Udongo ule ulikuwa ndio mstari wa kuteleza.

Wenyeji husimulia kwamba jina Toc linatokana na neno la Kifriuli, patoc, yaani kilichooza au kilicholowa. Mwandishi wa habari Tina Merlin aliwasikiliza watu wa vijiji vya bonde hilo na kuandika mwaka 1959 juu ya hofu yao. Alishtakiwa kwa kueneza habari za kutisha. Mahakama ilimwachia huru mwaka 1960. Mwezi Novemba wa mwaka huohuo, sehemu ya ubavu wa mlima iliporomokea ziwani, na ufa wenye umbo la herufi M, wa urefu wa kilomita 2 hivi, ukajitokeza juu mlimani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, twasema sisi. Ufa ule haukuzibika, nao ukuta ulikuwa umekwisha kujengwa.

Maji ya ziwa yaliyopanda yalipenya chini ya ubavu ule. Maji yaliyobanwa ndani ya mwamba huubeba sehemu ya uzito wake, na uzito ukibebwa, msuguano hupungua. Usiku wa tarehe 9 Oktoba 1963, kiasi cha mita za ujazo milioni 260 za mlima ziliteleza kwa pamoja na kuingia ziwani katika muda usiozidi dakika moja. Maji yaliruka juu ya ukuta na kuufagia mji wa Longarone na vijiji vya jirani. Walikufa watu takriban 2,000. Ukuta wa bwawa haukuanguka. Umesimama hadi leo. Wahandisi waliupima ukuta wao wakaukuta imara, nao ulikuwa imara. Kilichoteleza ni matabaka ya mlima ulioegemea ziwa. Baada ya msiba, wapo wataalamu walioshikilia kwamba hapakuwa na udongo wowote baina ya matabaka, na ubishi huo uliendelea kwa miaka, hadi uchunguzi uliotolewa mwaka 1985 ulipouthibitisha udongo huo. Lisemwalo lipo, na pale Toc lilikuwa likisemwa kila mtu alipoutaja mlima kwa jina.

Sitaki kudai kwamba jina la mlima latosha badala ya kipimo. Majina mengine hudanganya, na mengine yamesahau asili yake. Ninachodai ni kwamba jina na kipimo vilipaswa kukaa meza moja, na havikukaa, kwa kuwa wenye vipimo hawakuona kwamba lugha ya wachungaji na wakulima ina lolote la kusema juu ya mwamba.

Kwetu nako milima huteremka. Tarehe 3 Desemba 2023, tope lililobeba mawe na miti lilishuka kutoka mlima Hanang na kuingia Katesh, mkoani Manyara, likaua watu zaidi ya 80. Hanang ni mlima wa volkeno, na kisa chake si kile cha Toc. Lakini taarifa ya Serikali ilieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji, ikazidiwa, ikameguka. Niliposikia kitenzi hicho nilitua kidogo. Hakikuwa kuvunjika, wala neno la kukopa ambalo lingehitaji kamusi. Kila aliyewahi kukaa mbele ya sinia la ugali aliuona mlima ukifanya kile ulichokifanya. Huo ndio uwezo ninaoutetea. Taarifa ya namna hiyo ilikuja baada ya maafa. Natamani maneno ya aina hiyohiyo yawafikie watu kabla, wakiwa wanachagua mahali pa kujenga, wakiwa wanakata mlima kupitisha barabara, wakiwa wanauona ufa mpya nyuma ya shamba na hawajui kama ni wa kubanduka au wa kuteleza.

Maneno hayo hayatatungwa ofisini peke yake. Mengi yapo tayari, kwa waashi, kwa wachimba visima, kwa wachonga mawe, kwa wakulima wa miteremko, na katika majina ya vilima ambavyo hatujawahi kuuliza kwa nini vikaitwa hivyo. Washairi tuna mazoea ya kumsifu shujaa kwa kumwita mwamba, na sifa hiyo ni nzuri. Hata hivyo, anayeishi penye machimbo na amwendee fundi na daftari, akaandike vitenzi vyake kabla havijapotea, kila kimoja na upande wake, na kilima na jina lake. Akifika, asianze kwa kuuliza jiwe lipi ni gumu. Aulize lilikuwa limelalaje.